Kebo Inayopita Langoni Kwetu

Wirrigal,
14 Machi 2011

Mdogo wangu Gavin,

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikifika katikati ya maneno, wewe umeshanijibu na umeshaaga. Karatasi itakulazimisha unyamaze mpaka nimalize. Halafu pia nilijaribu barua pepe jana, lakini hii intaneti yetu ya setilaiti wingu likipita tu inanuna, na jana mawingu yalikuwa mengi.

Makala yako ya gazetini nimeisoma. Beryl ameibandika dukani kwake, pembeni ya tangazo la mbwa aliyepotea, na kuna mtu ameichorea pembe picha yako. Si mimi. Ningekuwa mimi ningeongeza na mkia.

Unauliza kwa nini mlipakodi wa Sydney amtandazie mfuga kondoo kebo ya intaneti mpaka mlangoni. Umeuliza vizuri, kama kawaida yako, na najua watu wengi kwenye treni asubuhi ile walitikisa vichwa wakasema huyu bwana kasema kweli. Sasa nisikilize mimi. Watoto wa jirani yangu Kerrin wanasoma kwa kompyuta, maana shule iko mbali mno. Mwalimu akianza kueleza, picha inaganda, mdomo wake wazi, mkono juu, na watoto wanakaa wanamtazama kama sanamu. Akirudi, somo limeisha. Zahanati yetu ina muuguzi, daktari hakuna. Muuguzi akipiga picha ya kidonda aitume kwa daktari bingwa, kidonda kinapona kabla picha haijafika. Wakati mwingine hakiponi.

Nawe umesahau kitu kimoja. Umeme ulipofika kwa baba, mama alikaa chini ya ile taa akalia, na wewe ulikuwa mdogo ukamuuliza anaumwa wapi. Nguzo zile zote, kutoka mjini mpaka zizini kwetu, kwa nyumba moja yenye watu wanne, unadhani baba ndiye aliyezilipia? Zililipiwa na watu wa Sydney ambao hawakutujua hata kwa majina. Ulisoma hesabu zako kwa taa yao, ukafaulu, ukaenda kwao, na sasa unawaambia wasifanye tena ujinga ule.

Shemeji yako Ross anakusalimu. Angeandika mwenyewe ila mkono unamsumbua kidogo.

Dada yako,
Noeline


Sydney,
29 Machi 2011

Dada Noeline,

Nimenyamaza mpaka ukamaliza. Sasa zamu yangu.

Taa ya baba ni kweli. Lakini umeme haukuwa na mbadala, na kabla ya kuutandaza watu walikaa chini wakapiga hesabu. Huu mtandao wa taifa zima ulitangazwa kwanza, hesabu zikatafutwa baadaye. Mimi sipingi intaneti, Noeline. Napinga serikali kutia mkono kwenye mifuko ya watu wote kisha iwaambie ya matumizi tutayajua mbele ya safari.

Ofisini kwetu kuna mama anaitwa Lieu, anasafisha sakafu tukishaondoka. Anapanga vyumba viwili mtaa wa Bankstown pamoja na wanawe. Kodi inakatwa kwenye mshahara wake kabla hajauona. Wewe una shamba ambalo ukipanda kilima chake huoni mwisho wake. Kwa haki gani Lieu akulipie wewe? Kampuni binafsi zitapeleka kebo penye wateja, na kwingine serikali isaidie wenye shida kweli, kwa setilaiti iliyo nzuri zaidi. Hivyo ndivyo mtu mwenye busara anavyotumia fedha zisizo zake.

Na niseme jambo ambalo hutalipenda. Kuishi huko ni uamuzi wako. Mimi huku nalipia nyumba ya bei mbaya na moshi wa magari, sijamwomba mtu wa Wirrigal anichangie hewa safi. Wewe na Ross mmeshakuwa watu wazima. Shamba lingepata mnunuzi kesho. Mkahamia karibu na hospitali, karibu na mimi.

Msalimie Ross. Mwambie mkono asiuchezee, aende akaonwe.

Gavin


Wirrigal,
18 Aprili 2011

Gavin,

Uamuzi wangu. Sawa. Baba alipoanguka zizini, mtu mmoja aliamua kubaki na mtu mmoja aliamua kurudi chuoni kumalizia mitihani, na wote wawili walifanya vizuri. Lakini usije ukaniambia habari za kuchagua.

Shamba siuzi.

Huyo mama Lieu, umewahi kumuuliza mwenyewe? Au anakaa tu ndani ya makala zako akisubiri umtumie?

Sasa habari. Wiki iliyopita nimeamka nikakuta vigingi vyenye utepe wa rangi vimepigwa kwenye malisho yangu, mstari mmoja umenyooka kutoka uzio wa mashariki mpaka lango la barabarani. Wakandarasi wa mtandao. Nikafurahi, nisikufiche. Nikawasha birika. Akaja mhandisi wao, msichana anaitwa Anthea, ana adabu, kofia imemzidi kichwa. Akafungua ramani juu ya meza yangu ya jikoni. Kebo kuu itapita hapa kwangu, itazunguka Wirrigal kwa nyuma ya uwanja wa maonyesho, iendelee zake mpaka miji mikubwa. Nikamuuliza, na tawi la Wirrigal liko wapi? Akasema hakuna tawi. Wirrigal watapewa setilaiti.

Yaani itapita, Gavin. Itapita chini ya miguu yetu, na sisi tutainua macho mbinguni.

Nilimuuliza maswali yangu yote, naye akanijibu yote, hakunificha kitu. Alipomaliza nikamwambia, "Mwanangu, chai yako maliza. Lakini kesho msije na mashine." Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia lango litakuwa limefungwa.

Tangu enzi za baba lango lile halijawahi kufungwa kwa kufuli. Ilibidi ninunue kwa Beryl. Aliponiuliza ni la nini nikamweleza, akakataa kunitoza.

Hawapiti mpaka Wirrigal ipate tawi. Hiyo ndiyo hesabu yangu, na nimeipiga kabla ya kuitangaza.

Noeline


Sydney,
9 Mei 2011

Noeline,

Picha yako iko kwenye gazeti la mkoa, umekaa kwenye kiti cha kukunja mbele ya lango, umevaa koti la mvua la marehemu baba. Mhariri wangu aliileta mezani kwangu akacheka mpaka akakaa. "Huyu si dada yako?" Nikasema ndiye.

Umenifanyia kazi yangu vizuri kuliko mimi. Hii ndiyo hatari niliyoiandika: fedha zikiwa za wote, kila mwenye lango atafunga lango. Leo Wirrigal wanataka tawi, kesho mji mwingine, keshokutwa mwingine. Kila mmoja ana sababu ya kulia nayo. Mwisho wa yote anayelipa ni yule asiye na lango la kufunga.

Nilimuuliza Lieu, kwa kuwa umenisuta. Alisema yeye angependa warekebishe treni kwanza, kwa sababu treni ikichelewa anakatwa mshahara. Kisha akaniuliza wewe ni nani. Nikamwonyesha picha. Akasema, "Dada yako anaonekana ana baridi."

Sasa sikiliza. Kamati ya Seneti inazunguka mikoani kusikiliza maoni kuhusu mtandao, na mwezi ujao itakaa Wirrigal, nadhani kwa ajili ya hilo kufuli lako. Nimeitwa kutoa ushahidi. Nitasema ninayoyaamini, mbele yako na mbele ya watu wako. Nitalala kwenye moteli, ili mtu asije akasema kwamba ulinilainisha kwa nyama ya kondoo.

Gavin


Sydney,
20 Juni 2011

Dada,

Nimejaribu kuandika hii tangu nilipofika, nikawa nachana.

Nilipoingia ukumbini watu walishajaa, nikapita kwenye viti vya nyuma kutafuta pa kuweka koti. Pembeni ya mlango kulikuwa na mzee kwenye kiti cha magurudumu, mikono inamcheza mapajani, uso umekakamaa. Nikamwambia samahani, nikampita. Nilishapiga hatua kadhaa niliposikia mtu anasema, "Gav," kwa sauti ndogo kama ya mtu aliye chumba cha pili. Hakuna mwingine aliyewahi kuniita hivyo. Nikageuka. Nilimpita Ross, Noeline. Mtu aliyenifundisha kuendesha gari, nilimwambia samahani nikampita kama kiti.

Halafu nikaitwa mbele, na wewe unajua niliyoyasema, maana ulikuwa umekaa mstari wa kwanza umefunga mikono. Nilisema yale yale niliyoyaandika.

Na nikakusikia wewe. Yule seneta mwenye miwani alipokuuliza kama uko tayari kuligharamia tawi hilo mwenyewe, ulimwambia, "Mheshimiwa, mimi nalipa kodi tangu nilipoanza kukata sufu. Nimelipia treni zenu za chini ya ardhi ambazo sizipandi na viwanja vyenu ambavyo sichezi. Sijawahi kufika Sydney kuuliza kwa nini. Nilidhani ndiyo maana ya kuwa nchi moja. Kama maana imebadilika, mngetuambia mapema."

Jibu la hilo nalitafuta bado.

Muuguzi wenu ameniambia ugonjwa wa kutetemeka umemshika Ross muda mrefu sasa, na kwamba kila anapotakiwa kuonwa na bingwa unamlaza kiti cha nyuma cha gari, mnasafiri kutwa nzima kwenda na kutwa nzima kurudi, na yeye njia nzima anatapika. Kumbe bingwa huyo huyo anawaona wengine kwa kioo cha kompyuta, wale wenye mtandao mzuri.

Kwa nini hukuniambia? Mimi nakuandikia habari za Lieu na wewe unaniandikia eti mkono unamsumbua kidogo.

Nimeulizia. Kuna kampuni inaweza kusimamisha mnara mdogo wa redio pale kilimani kwako, uvute mtandao kutoka mji wa pili. Utafika mpaka chumbani kwa Ross. Nitalipa mimi, ujenzi na kila mwezi. Sema ndiyo, waje wiki hii.

Gavin


Wirrigal,
1 Julai 2011

Mdogo wangu,

Hapana.

Usikasirike kabla hujafika mwisho wa ukurasa. Najua umeitoa moyoni na Ross nimemsomea barua yote. Alilia, lakini siku hizi analia kwa mengi, usijipe ukubwa.

Sikukwambia kwa sababu ungesema niuze shamba, na ulisema hivyo hivyo hata bila kujua. Na kuna jingine. Sikutaka Ross awe hoja. Mtu akishakuwa hoja, watu wanaacha kumtazama usoni, wanatazama mikono yake inavyocheza. Siku ya kamati alitaka kuja mwenyewe, nikamweka nyuma makusudi, na nikawakataza watu wasimtaje. Hakuna aliyemtaja. Hilo lilinipa fahari kuliko niliyoyasema mimi.

Wewe ulimwona, kisha ukaenda mbele hukubadilisha hata neno. Kerrin alisema moyo wako ni wa mawe. Nikamwambia anyamaze. Ungegeuka pale pale kwa kuwa umemwona shemeji yako kwenye kiti, ningekudharau. Maana yake ungekuwa tayari kuwalipia watu walio shemeji zako tu.

Na habari ya mnara ni ile ile. Kerrin atauona kutoka dirishani kwake. Wanawe watamuuliza kwa nini sisi tunao. Atawajibu nini, kwamba Noeline ana ndugu Sydney? Na asiye na ndugu Sydney afanye nini, amtafute? Mimi siombi zawadi, Gavin. Mtu akipewa zawadi anashukuru na anainama kidogo. Barabara huishukuru, unaikanyaga tu.

Lango bado limefungwa.

Noeline


Wirrigal,
27 Julai 2011

Gavin,

Hujajibu, na mimi sikubembelezi. Ila nataka ulisikie hili kwangu kabla hujalisoma gazetini.

Walileta karatasi ya sheria. Kumbe sheria inawapa ruhusa kupita kwenye ardhi ya mtu, akipenda asipende. Sajini wa polisi, Colin Whitford, ndiye aliyeileta, yule anayenunua wana-kondoo kwangu kila Krismasi. Alisimama upande wa pili wa lango na mkasi mkubwa wa chuma mkononi, na nyuma yake mashine, na nyuma ya mashine Anthea kwenye gari anatazama magoti yake. Upande wetu walikuwa karibu mji mzima. Beryl alifunga duka. Sijawahi kuona Beryl amefunga duka.

Whitford akaniambia, "Noeline, fungua mwenyewe basi, unisitiri."

Nikamwambia, "Siwezi kukusitiri, Colin. Kata. Ila kata huku unanitazama."

Akakata. Alinitazama, namsifu kwa hilo, na macho yalikuwa mekundu.

Hatukurusha hata jiwe. Tulipisha. Wakachimba mchana kutwa, mtaro mmoja umenyooka kama mshono, na sikuwapa chai. Unajua nilivyolelewa, na wewe ulilelewa nyumba ile ile. Wanaume wanachimba kwenye baridi mbele ya jikoni kwangu na sikuwapa hata maji ya moto. Lilikuwa jambo gumu kuliko kufuli.

Jioni nilikwenda kusimama juu ya udongo waliofukia. Nimeshindwa, Gavin, naandika neno lenyewe ili nione linavyoonekana. Halafu nikaenda mjini kununua kufuli jingine.

Noeline


Wirrigal,
2 Oktoba 2011

Gavin,

Ahsante kwa kuja kumzika Ross. Ahsante kwa kubeba jeneza upande wa kichwa, kwa sababu Whitford hakuwa na nguvu tena kwa kulia. Na ahsante kwamba ulikaa kwenye ngazi za nyuma hukusema lolote.

Ulipoondoka alikuja mwandishi wa habari kutoka Sydney, kijana wa upande wetu, yaani anayeutaka mtandao. Alikuwa na kichwa cha habari tayari, kwamba Ross ameuawa na ukosefu wa mtandao. Alitaka niseme tu ndiyo, na picha mbele ya lango. Akaniambia habari ile ingezima midomo ya watu kama kaka yangu. Hakujua wewe ni mdogo wangu, alidhani mkubwa.

Nilimwambia Ross amekufa kwa nimonia, iliyompata kwa sababu ya ugonjwa wake. Bingwa angemwona mara nyingi zaidi, na angetapika mara chache zaidi, na ningefurahi. Lakini asingempa miaka mingine. Akasema, "Mama, ungeweza kushinda kwa hili." Nikamwambia nataka kushinda kwa ukweli, na kama ukweli hautoshi basi nimeshindwa kihalali. Nikamsindikiza mpaka kwenye gari lake.

Nyumba imekuwa kubwa. Usiniambie nije Sydney.

Noeline


Wirrigal,
12 Desemba 2011

We Gavin,

Ripoti ya kamati imefika maktabani na mimi, mwanamke nisiye na kazi za jioni siku hizi, nimeisoma yote, mpaka viambatisho. Wanapendekeza Wirrigal ipewe tawi, na serikali imekubali. Mji mzima umelewa tangu juzi.

Na kwenye kiambatisho, katikati ya maoni ya maandishi, nakuta jina lako. Tarehe ni ya wiki ile tuliyokatiwa kufuli. Kumbe ulipokuwa umeninunia ulikuwa unaandika.

Nimekusoma mara nyingi mpaka nakujua kwa moyo. "Napinga mradi huu kwa ujumla wake, na nitaendelea kuupinga. Lakini fedha zikishatumika kupitisha kebo kuu kando ya mji, kuondoka bila kuweka tawi ni kupoteza mara mbili, kwa kuwa kurudi kufukua baadaye kutagharimu zaidi kwa mlipakodi yule yule." Hakuna mtu duniani anayeweza kufanya wema kwa maneno makavu kiasi hicho. Beryl alipoisoma aliondoa ile makala ukutani. Nikamwambia airudishe. Pembe zimebaki.

Wenzako wa gazetini wamesemaje?

Noeline


Sydney,
20 Mei 2012

Dada,

Nimechelewa kukujibu. Wenzangu wa gazetini wameacha kunialika chakula cha mchana. Chakula chenyewe kilikuwa kibaya.

Usinipe sifa nisizostahili. Sijabadilika. Bado nasema hesabu haikupigwa, bado nasema Lieu anatozwa kwa ahadi. Nimeshayaandika hayo tena wiki hii na utayasoma kwa Beryl.

Ila nina swali, na nataka unijibu wazi. Kwa ajili ya makala hiyo niliomba ramani za mwisho za Wirrigal, nione tawi linahudumia nyumba ngapi. Anthea alinitumia mwenyewe. Kuna duara limechorwa kuuzunguka mji: shule, zahanati, duka la Beryl, ile mitaa ya nyumba. Nyumba ya Kerrin imeguswa na ukingo. Nikatafuta yako. Nikadhani nimeishika ramani vibaya, nikaigeuza. Nyumba yako iko nje, mbali kabisa. Kebo kuu inapita kwenye malisho yako lakini haifunguki hapo, na tawi halikufikii. Utabaki na setilaiti maisha yako yote.

Nikampigia Anthea nikamwambia kuna kosa, dada yangu ndiye aliyefunga lango. Akasema hakuna kosa, na kwamba hata kama wangelikubali tawi siku ile ya kwanza, duara lingekuwa hilo hilo.

Mimi nilidhani unapigania nyumba yako. Baadaye nikadhani unampigania Ross. Nilisimama mbele ya maseneta nikasema kila mwenye lango hulifunga kwa ajili yake mwenyewe. Ulikuwa mstari wa kwanza, ulinisikia, na hukusema kitu.

Ulijua?

Gavin


Wirrigal,
11 Juni 2012

Mdogo wangu Gavin,

Nilijua tangu Anthea alipofungua ramani juu ya meza yangu. Lilikuwa swali langu la kwanza, mimi si malaika. Nikamuuliza, tawi likiwekwa, mimi nitapata? Akasema, "Hapana, mama, wewe uko mbali mno." Ross alikuwa anatusikia kutoka chumbani. Msichana alipotoka kwenda kuangalia vigingi, Ross akaniita, ikabidi niweke sikio karibu na mdomo wake. Akasema, "Zahanati je?" Nikasema zahanati imo. Shule je? Imo. Akasema, "Funga basi."

Kwa hiyo lilikuwa lango la wawili, ukitaka kuandika sawasawa.

Ningekwambia siku ya kamati, ungenyamaza, na seneta yule mwenye miwani angepangusa macho. Sikutaka. Sikutaka mtu aseme Wirrigal wapewe kwa sababu kuna bibi mmoja ana roho nzuri. Wapewe kwa sababu ni watu wa nchi hii na kebo inapita. Na wewe, ulitaka kujua kama kuna mlipakodi yeyote anayeweza kulipia kitu asichokipata akiwa na akili zake timamu. Ulikuwa unamtafuta mbali sana.

Lakini Lieu hajakosea kuhusu treni. Hilo nalo ni la kwetu sote. Andika na hilo, nami nitaweka sahihi.

Jana wamewasha mtandao wa zahanati. Waziri alikuja na utepe wake, wakanipa mkasi nikate. Niliutazama ule mkasi, nikamwambia watu wenu wana uzoefu wa kukata, kateni wenyewe. Whitford alicheka akalazimika kutoka nje. Kisha muuguzi akamkalisha mzee Abernethy mbele ya kioo, na bingwa akatokea, uso wake wote, meno yote, na sauti haikukatika. Mzee akamtazama akasema, "Daktari, kumbe wewe bado kijana. Huwa nakuona nikiwa nimeshachoka njiani." Nilisimama mlangoni. Nilifikiria mambo yangu. Nikaenda kuosha vikombe.

Kabla waziri hajapanda gari nilimshika mkono wa koti. Nikamwuliza habari za Bulloora, mji unaofuata kwenye ile kebo kuu, maana na wao wamepitwa hivyo hivyo, na mashine bado hazijafika kwao. Akasema suala hilo halimo kwenye mpango.

Naondoka kesho asubuhi, Kerrin atanitazamia kondoo. Nimewapigia watu wa Bulloora, wananiandalia pa kulala. Nimewauliza kama wana malango. Wamesema wanayo mengi.

Ukitaka kunipinga, njoo huko huko. Beba koti zito.

Dada yako,
Noeline